Sifa za Masizi

Moto una washairi wake. Hata majivu yana watetezi, kwa kuwa husugua sufuria na kurutubisha sukumawiki. Masizi peke yake hayajapata wakili. Leo nayasimamia mimi.

Tuanze na nasaba, maana hasifiwi asiye na ukoo. Mama yake ni kuni mbichi, baba yake ni moto ulionyimwa hewa. Tawi la Kitale limekaa pazuri. Walowezi waliogawiwa mashamba Trans Nzoia baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia walikutana na baridi ya mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, wakajenga nyumba zenye dohani za matofali. Baadaye wengi waliuza wakaenda zao. Masizi hayakuuza.

Tawi la Bungoma halina dohani, na wala haliihitaji. Katika jiko la nyasi kule Chwele au Kimilili, moshi hujipenyeza paani, na masizi hutanda kwenye fito. Hapo juu ya mafiga ndipo mama huning'iniza mahindi ya mbegu, kila gunzi na maganda yake. Fukusi akinusa hali hiyo hutafuta nyumba nyingine. Mvua za Machi zikija, mbegu hushushwa ikiwa nyeusi kwa nje, nzima kwa ndani, na hakuna aliyelipa ada ya ghala.

Lakini sifa kuu ya masizi ni ukweli. Mwenye nyumba anaweza kuapa kwamba hachomi ila kuni kavu; dohani itamuumbua. Kuni kavu huacha vumbi jepesi linalofagilika. Mkaratusi uliokatwa juzi hutoa moshi wenye unyevu, ambao ukipoa njiani hugandia ukutani na kuwa kreosoti, utando mweusi unaong'aa kama lami, tayari kushika moto.

Maadui hawakosi kumtaja Percivall Pott, daktari wa London aliyeandika mwaka wa 1775 kuhusu kansa ya ngozi ya mfuko wa korodani iliyowaandama wafagia dohani. Sawa, lakini ni nani aliyewapandisha watoto humo? Si masizi. Ni watu wazima waliotaka meko safi kwa bei nafuu, na sheria ya kuwakomesha kabisa ilingoja hadi 1875.

Siku hizi adui ni bomba la chuma kisichoshika kutu, linaloshushwa ndani ya dohani kuukuu yenye nyufa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni akija, mwenyeji husuguliwa. Fundi hupanda paani na brashi ya waya, kaifunga kamba na jiwe. Chini, mdomo wa meko umezibwa kwa gunia lililoloweshwa. Anashusha, anavuta, anashusha tena. Yanaporomoka masizi, kiota cha ndege na vipande vya saruji. Jioni fundi asiyefunga pua hupenga kamasi jeusi.

Wapo mafundi waungwana wasioweza kufanya ukatili huo. Wao huchomeka bomba juu ya masizi yalivyo, hupokea pesa, huaga. "Bomba litafunika," husema. Na kweli hufunika. Nyuma ya chuma kreosoti hutulia, hadi usiku joto linapozidi kipimo na kuiwasha mahali pasipofikika kwa ndoo wala brashi. Asubuhi majirani hukusanyika, na mshtakiwa ni mmoja tu: masizi.

Kwa hiyo nawaambia wateja wangu wasiogope brashi: ikipita, watarudi. Kuna silaha moja tu ya kuwamaliza, nayo ni kuzipasua kuni na kuzianika miezi sita au zaidi kabla ya kuzichoma. Kwa jinsi zinavyonunuliwa mbichi Kitale baridi ya Julai ikishapiga hodi, ukoo huu utaishi milele.