Uainishaji wa Awali wa Ratiba za Kujisomea katika Pwani ya Mtwara

Kasa, mikoko na matumbawe ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma yamepata wataalamu wake tangu hifadhi hiyo ilipoanzishwa mwaka 2000. Kiumbe mmoja wa ukanda huohuo bado ni yatima wa sayansi: ratiba ya kujisomea ya mtahiniwa wa kidato cha nne. Huchipuka matokeo ya moko yakitoka, huzaliana kwa fujo mwezi Septemba, na ifikapo Novemba, Baraza la Mitihani linapofungua bahasha zake, hubaki vipande vya selotepu ukutani. Nimemfuatilia kiumbe huyu bila ufadhili wa chuo chochote. Sifa yangu ya kitaaluma ni kwamba mimi ni mjomba. Kwetu Kusini, kwa Wamakonde na Wamakua, mtoto akifaulu ana baba. Akianza kuyumba anatafutwa mjomba. Dada yangu wa Mikindani ana watoto watatu, kwa hiyo nimeitwa mara tatu.

Kwanza istilahi. Vijana hawasemi “kudurusu”. Neno hilo huonekana kwenye karatasi ya mtihani wa Kiswahili na kurudi kulala. Wanasema kupiga msuli. Kuhusu asili ya msemo huo wataalamu, yaani mimi na kinyozi wangu wa Magomeni, tumegawanyika. Yeye anadai ni msuli wa mkono, maana kusoma ni kazi ya nguvu. Mimi nashikilia kuwa ni msuli wa kujifunga kiunoni, kwa sababu wengi niliowafumania wakiupiga walikuwa wameuvaa, kitabu kifuani, macho yamefumba.

Jamii ya kwanza, na ndiyo yenye sura nzuri kuliko zote, ni Ratiba ya Ukutani. Huchorwa kwenye karatasi ya manila kwa kalamu za rangi tatu, rula ikiwa imeazimwa. Huanza saa 10 alfajiri na kuishia saa 6 usiku. Hisabati hupewa nafasi kubwa na rangi nyekundu, heshima ambayo mtu hupewa asipotarajiwa kutembelewa. Kuna safu ya “Chai”. Safu ya kulala haipo, ila ukipiga hesabu utaiona imejificha: kutoka saa 6 usiku hadi saa 10 alfajiri ni saa 4. Chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kilishauri mwaka 2016 kwamba mwenye umri wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10. Kielelezo nilichokichunguza kwa karibu kilichorwa Alhamisi na kikafa Jumapili. Siku ya msiba mchoraji alilala mpaka adhuhuri, akaamka amechukia masomo yote saba, pamoja na lile alilokuwa akilipenda.

Kifo hicho huzaa jamii ya pili, Ratiba ya Silikanti. Silikanti ni yule samaki aliyedhaniwa ametoweka pamoja na madinosaria, mpaka aliponaswa Afrika Kusini mwaka 1938. Mwaka 2003 wavuvi wetu wa Tanzania nao wakaanza kumtoa majini. Mwanafunzi wa aina hii naye haonekani tuisheni wala kwenye diskasheni tangu Februari. Walimu wameshamwandikia rambirambi. Ghafla, wiki mbili kabla ya pepa, anaibuka na madesa ya watu wanne mkononi, anakesha usiku kumi mfululizo, na umeme ukikatika anawasha tochi ya simu. (Gesi ya Msimbati ilishasafiri kwa bomba hadi Dar es Salaam tangu 2015, yeye anasafiri na chaji asilimia tisa.)

Tabia ya Silikanti ilielezwa Ujerumani kabla Mikindani haijajengewa boma. Mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus alichapisha kitabu kuhusu majaribio aliyojifanyia mwenyewe: alikariri silabi zisizo na maana, kisha akapima zinavyomtoka. Zilimtoka kwa kasi mwanzoni, nyingi ndani ya siku moja, halafu polepole. Akaona pia kwamba mafungu yaliyorudiwa kwa kuachanisha siku yanakaa kuliko yaliyorundikwa siku moja. Mpwa wangu wa kwanza alilirudia jaribio hilo bila kujua, akitumia sababu za Mapinduzi ya Viwanda badala ya silabi zisizo na maana, na akapata majibu yaleyale.

Jamii ya tatu haitungwi na mwanafunzi. Ni Ratiba ya Korosho, na mtungaji wake ni mti. Mkorosho haujali kwamba Novemba ni mwezi wa Baraza. Hudondosha Oktoba na Novemba kama kawaida yake, na korosho isipookotwa mvua ikaikuta, mnadani inakuaibisha. Kwa hiyo mtahiniwa anaamkia shambani, anaokota, anatenganisha na mabibo, anaanika. Maofisa huilaumu ratiba hii. Mimi naona haya kuilaumu. Ada imefutwa tangu 2016, lakini sare, kalamu na tuisheni bado vinaota mkoroshoni. Tena mpwa wangu wa pili, aliyeokota msimu mzima, ndiye pekee aliyekuwa akilala saa 3 usiku, kwa kuwa mwili haukumwachia hiari. Alisoma saa mbili kwa siku, akiwa macho kwelikweli. Sisemi watoto wapelekwe mashambani. Nasema tu kwamba katika vielelezo vyangu vya jamii hizi tatu, ni huyo mmoja aliyeingia chumba cha mtihani bila miayo.

Kambi za shuleni nazipita haraka: huko ratiba ni ya mwalimu, na kengele haibishani na mtu.

Lililonichelewesha ni mapumziko, maana hayo hayana jina nyumbani kwa dada yangu. Kuna “kulala”, na kuna “uvivu”. Katikati hakuna kitu. Dada hukaa sebuleni usiku akisikiliza kurasa zikifunuliwa. Zikinyamaza, anakohoa. Mtoto amejifunza kufunua ukurasa kila baada ya dakika moja huku akitazama dari, na wote wawili wanaridhika. Mapumziko ya kuibia ya namna hii hayapumzishi, na kusoma kwake hakusomeki. Nayaweka kundi moja na simu iliyofichwa ndani ya atlasi.

Mwaka huu, zamu ya mpwa wa tatu, nilimchukua tukavuka kwa kivuko kwenda Msangamkuu kumwona bibi yake, anayechokoa pweza tangu ujana. Bibi hajawahi kuchora ratiba. Bamvua likifika, mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji yanapwa mbali, naye yuko mwambani hata kama mgongo unamuuma. Siku saba hivi baadaye ni maji mafu. Miamba haifunuliwi vizuri, na yeye anakaa barazani anasuka ukili, anacheka na wenzake, analala mchana mlango ukiwa wazi. Hakuna anayemkoholea. Nikamweleza mpwa wangu nadharia yangu mpya: mada ngumu ziwe bamvua, asubuhi kichwa kikiwa chepesi, zirudiwe baada ya siku mbili, kisha baada ya wiki, na kila wiki iwe na maji mafu yake, yaliyoandikwa, yenye haki kama Kemia.

“Mjomba,” akasema, “na mtihani wenyewe ukiangukia maji mafu?”

Sikuwa na jibu. Bibi alikuwa nalo: alimwambia alete maji ya kunywa.

Tuliporudi akachora manila mpya, rangi mbili tu, mwisho saa 4 usiku. Jumatano alasiri na Jumapili nzima akaandika “Maji mafu”. Dada yangu aliisoma akiwa amesimama, miwani puani, kidole kikishuka mstari kwa mstari, kikakwama hapo.

“Hili nalo ni somo gani?”

“Jiografia, mama.”

Dada akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaniambia mbele ya mwanawe kwamba hatimaye nimefanya kazi ya ujomba.