Upele Usiohitaji Kucha

Wahenga walilalamika kwamba mpewa upele hana kucha. Ni wazi hawakuujua huu ninaousifu leo. Hauwashi, hauumi, hauna usaha wala harufu, na haumwambukizi mtu. Umekaa zake pale chini, kwenye uume na mfuko wa pumbu, umejinyamazia.

Uko wa aina mbili. Kuna vitone vyeupe au vya manjano, ambavyo ukivuta ngozi ndipo unaviona vizuri. Ni tezi za mafuta tu, zile zinazolainisha nywele kwingineko mwilini, ila hizi hazikujaliwa unywele. Daktari Mmarekani, John Addison Fordyce, alivieleza mwaka 1896, reli ikiwa ndiyo kwanza inaanza kutandikwa kutoka Mombasa; basi vilipata jina kabla Voi haijapata treni. Watu wazima wengi wanavyo hata midomoni, na huko hakuna anayevishuku. Aina ya pili ni vijinundu vinavyozunguka kichwa cha uume, mstari mmoja au miwili, vimepangwa kama mkonge wa Mwatate.

Sasa tazameni hisani yake. Mwanamume wa kwetu atakohoa kuanzia Maungu hadi Mtito Andei akisema ni vumbi. Hospitali? Ng'o! Lakini akioga jioni, akajimulika kwa tochi ya simu, akaona vitone viwili, kesho alfajiri yuko kwenye foleni ya Hospitali ya Rufaa ya Moi pale Voi, kofia kaishusha hadi kwenye nyusi. Apimwe presha, sukari, virusi, kila kitu. Mabango mangapi yameshindwa kazi hiyo! Dereva wa lori anakumbuka kila kituo alicholala, anatubu yote kwa mpigo, kisha anampigia mkewe kumuuliza hali ya mbuzi.

Na muuza dawa mwenye kipaza sauti, siku ya soko Taveta, angekula nini? Chupa yake inatibu kisicho ugonjwa, kwa hiyo mashahidi wa kupona hawamwishii. Wengine hujitibu wenyewe kwa limau, dawa ya meno na kubinya. Kidonda wanachokipata hapo wasiusingizie upele. Wamekitengeneza kwa mikono yao.

Wapo pia wanaojipenyeza katika ukoo huu mtukufu: malengelenge, usaha, kinyama kinachokua wiki hadi wiki. Hao si jamaa zetu, wapelekwe kwa daktari upesi. Kidonda nacho kiende hata kama hakiumi, maana cha kaswende mara nyingi hakiumi.

Muungwana wangu hataki dawa. Wenye pesa zao humchoma kwa leza, na hata hilo halimpi kinyongo. Wasio nazo wangoje: vile vijinundu vya mstari hufifia kadiri mtu anavyozeeka. Vitone vya mafuta ndivyo vyenye nia ya kuzikwa naye.