Rambirambi kwa Wizara ya Fedha ya Ireland kwa Msiba wa Kulipwa Kodi

Kwa Wizara ya Fedha ya Ireland, Dublin.

YAH: KULAZIMISHWA KUPOKEA EURO BILIONI 13

Wizara inapewa pole, ingawa pole yenyewe imechelewa, kwa hukumu ya Mahakama ya Haki ya Ulaya ya tarehe 10 Septemba 2024, iliyoamua bila kuacha nafasi ya rufaa nyingine kwamba Ireland haina budi kupokea kutoka kwa kampuni ya Apple kodi ya euro bilioni 13 pamoja na riba yake. Serikali zilizoyumba kwa kukosa kodi ni nyingi, lakini ni nadra kuonekana serikali iliyoshughulisha mawakili kwa miaka minane ili isilipwe, kama mwenye nyumba anayemshtaki mjumbe wa mtaa kwa kosa la kumhimiza mpangaji alipe pango. Tume ya Ulaya, iliyotoa amri ya kwanza mwezi Agosti 2016, ilifikia hatua ya kuishtaki Ireland mwaka uliofuata kwa kuchelewa kuzikusanya fedha hizo, na zilipokusanywa mwaka 2018 ziliwekwa katika akaunti ya amana, yaani akaunti isiyoguswa na upande wowote mpaka shauri liishe.

Uzito wa msiba huu hauwezi kueleweka bila kutazama ustadi uliopotea pamoja nao. Mwaka 1991, na tena mwaka 2007, mamlaka ya mapato ya Ireland ilizipatia kampuni mbili za kundi la Apple uamuzi wa awali wa kodi, ambao ni waraka unaomwambia mlipaji mapema namna faida yake itakavyohesabiwa. Chini ya nyaraka hizo faida iligawanywa kati ya tawi la Ireland, lililokuwa na watu na milango, na makao makuu ambayo, kwa maelezo ya Tume, hayakuwa na mfanyakazi wala ofisi wala nchi ya kuyatoza kodi, na ambayo kazi yake yote ilikuwa ni vikao vya bodi vya mara mojamoja. Sehemu kubwa ya faida ilipelekwa huko kusikokuwako. Mwaka 2011 kampuni mojawapo, Apple Sales International, ilipata faida ya takriban euro bilioni 16, na kati ya hizo ni takriban euro milioni 50 tu zilizoonekana kustahili kutozwa kodi nchini Ireland. Ilipofika mwaka 2014 kodi halisi ilikuwa asilimia 0.005 ya faida, yaani euro 50 kwa kila euro milioni moja, ilhali kiwango kilichotangazwa kwa faida ya biashara ya kila kampuni nchini humo kilikuwa asilimia 12.5. Wataalamu hutenganisha kuepuka kodi, ambako sheria haivunjwi, na kuikwepa, ambako huvunjwa; kwa lugha ya Dublin ingetosha kusema kwamba mkwepaji hujificha, naye mwepukaji huandikiwa barua.

Haki ni kukiri kwamba Wizara ilikuwa na hoja zake. Ilishikilia kwamba hakukuwa na upendeleo wowote, na Apple kwa upande wake ilisema kwamba faida hiyo ilidaiwa kodi Marekani, ambako bidhaa zilibuniwa, ingawa sheria ya Marekani ya wakati huo iliruhusu kodi hiyo kungoja mpaka fedha zirejeshwe nyumbani. Apple imekuwa Cork tangu mwaka 1980 na imeajiri maelfu ya watu. Nchi ndogo isiyo na mafuta wala dhahabu inaweza kusamehewa ikiuza ilichonacho. Tatizo ni kwamba kilichouzwa hakikuwa cha Ireland peke yake. Apple Sales International iliuza bidhaa Ulaya, Mashariki ya Kati, India na Afrika, kwa hiyo faida iliyopatikana kwa mnunuzi wa Afrika nayo ilipitia mlango uleule wa makao makuu yasiyokuwapo. Mwaka huohuo wa 2014, mfanyabiashara mdogo wa Kenya aliyekuwa chini ya kodi ya mauzo alitozwa asilimia 3, si ya faida bali ya mauzo yote, awe amepata au amekula hasara. Inasikitisha kwamba hakujua kuwa angeweza kuwa na makao makuu.

Kuhusu marekebisho, Wizara ina kila sababu ya kujifariji. Mwezi Oktoba 2021 zaidi ya nchi 130 zilikubaliana juu ya kiwango cha chini kabisa cha kodi cha asilimia 15 kwa makundi ya kampuni yenye mapato ya euro milioni 750 au zaidi kwa mwaka, na Ireland ilijiunga baada ya neno "angalau" kuondolewa mbele ya asilimia hiyo, ili 15 isije ikapata tamaa ya kukua. Kenya na Nigeria hazikuukubali mpango huo wakati huo. Utaratibu wake unairuhusu nchi ambamo faida imeandikwa vitabuni kutoza yenyewe kwanza kodi ya nyongeza inayofikisha asilimia 15, kwa hiyo fedha zilizokosa kulipwa kule bidhaa ilikouzwa zinaongeza hazina ya nchi iliyozialika zihame. Mwezi Juni 2025 mataifa ya G7 yalikubaliana pia kwamba makundi ya kampuni ya Marekani yasiguswe na kanuni kuu za mpango huo.

Ipo njia nyingine, ambayo ni kulihesabu kundi zima kama kampuni moja, kisha kuzigawia nchi faida yake kwa kipimo cha mauzo, wafanyakazi na mali iliyoko katika kila moja. Mwezi Novemba 2023 nchi za Afrika ziliufikisha Umoja wa Mataifa kwenye kura ya kuandaa mkataba wa ushirikiano wa kodi, ambamo mambo ya aina hii yangeweza kujadiliwa na wote. Nchi 125 ziliunga mkono na 48 zikapinga, Ireland ikiwa miongoni mwa waliopinga. Wizara inaombwa kulitazama upya suala hilo kwa maslahi yake yenyewe, kwa kuwa mgawanyo wa namna hiyo ungeiepusha kulazimishwa tena kupokea fedha isizozitaka. Sehemu inayotokana na mauzo ya Nairobi inaweza kupelekwa Nairobi moja kwa moja, na hakuna dalili kwamba Kenya itakata rufaa.