Heko, Fundo la Pudo

Washairi wamemsifu farasi, wameisifu jahazi. Paka wa Lamu nao hawakosi wa kuwapiga picha. Fundo la nywele za mbwa halijapata msemaji. Leo nasimama mimi, kitana cha chuma mkononi, kulitetea fundo la pudo, yule mbwa wa Ulaya mwenye nywele za kipilipili, tuliyeachiwa na shemeji alipohamia Ujerumani.

Kwanza, uaminifu wake. Mbwa wengine hupukutisha nywele kwenye makochi, mali ikatawanyika hovyo. Pudo hapotezi. Unywele ukitoka hunaswa na wenzake, ukasokotwa, ukatunzwa. Fundo ni benki, tena ya zamani yenye nidhamu. Hufungua tawi nyuma ya sikio, kisha kwapani, kisha chini ya mkanda wa shingo, bila kuomba leseni kwa mtu. Hupokea amana za kila aina: mbigili, ukoko wa ugali, nyuzi za zulia, na siku moja kidonge cha minyoo ambacho sote tuliapa kimemezwa. Haliulizi kitambulisho. Riba nayo ni ya uhakika: mwogeshe mbwa kabla hujalifumua, maji yatalikaza, na kesho utakuta amana imeongezeka na kushikana hadi karibu na ngozi. Kutoa ndiko kugumu. Unanyunyiza maji kidogo, unashika shina la nywele ili ngozi isivutwe, unachambua kwa vidole kuanzia nchani, na mteja anakutazama kana kwamba wewe ndiye uliyeifilisi benki.

Fundo pia hujenga misuli ya mkono. Na limeniokoa na vikao vingi vya harusi.

Baada ya kuoga huja draya. Upepo uelekezwe pale pale brashi inapopita, mstari kwa mstari kutoka mguuni kwenda juu, maana panapojikaukia penyewe panajikunja. Ukimaliza, mbwa amefura, amenyooka, na tokeni za stima zimekwisha. Halafu anatoka nje, Julai hii ya Nairobi, anajigaragaza kwenye nyasi zenye maji, na kufika chai ya saa kumi amerudi kama alivyoumbwa. Fundo hutufunza unyenyekevu. Hutufunza subira. Hutufunza... lakini jamani, kwapa la kushoto si nililimaliza jana!

Wageni nao hawasaidii. "Mwacheni na nywele zake," anasema shangazi akimpapasa, "si ndizo alizoumbiwa?" Kisha anamgeukia binti yangu, aliyeketi hapo hapo na nywele za namna ile ile: "Na wewe, utawekwa dawa lini ufanane na watu?"

Pudo nao wamewahi kukataliwa kwa ajili ya nywele zao. Mwaka 1988 Mmarekani John Suter aliwafunga pudo kwenye sleji akaingia Iditarod, mashindano ya kuvuka theluji ya Alaska, mwendo wa kilomita zipatazo 1,600. Baadaye kanuni zikabadilishwa, wakaruhusiwa mbwa wa jamii za kaskazini tu. Waliozibadilisha walikuwa na hoja: nywele za pudo ziliganda zikanatana na theluji. Shule ya binti yangu haina theluji. Ina barua isemayo kwamba nywele zilizoachwa wazi "zinavuruga masomo", kwa hiyo ama zisukwe zilale ama zinyolewe. Na wote wawili walioitia sahihi wanavaa wigi. Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua mwaka 2019 kwamba ilikuwa makosa kumfukuza shuleni msichana Mrasta kwa sababu ya rasta zake, ila hukumu hiyo yaelekea bado haijapata matatu ya kuja kwetu.

Muhula ujao nafikiria kumpeleka mbwa. Hana sare, hajui kusoma, na amekwisha kumwuma mlinzi wa lango. Ila kwa nywele hawana la kusema: siku ya wazazi nilipofika naye getini, naibu wa mwalimu mkuu alimpapasa kichwa akaniuliza zimetengenezwa saluni gani.