Jinsi ya Kumkata Mshahara Mtu Ambaye Hujamwajiri

Umefungua sheli yako ya kwanza kando ya barabara ya Morogoro. Hongera. Pampu zinasoma, taa zinawaka, vijana wamevaa fulana zenye nembo yako. Kilichobaki ni kuhakikisha kwamba mshahara unaowalipa unajua njia ya kurudi nyumbani.

Anza na jina. Usimwite mtu mfanyakazi hata kwa bahati mbaya. Mwite kibarua, deiwaka, "kijana wetu". Kama una mhasibu aliyesoma, atakushauri umwite mkandarasi huru. Kisha mpangie zamu ya saa kumi na mbili, mpe sare na mashine ya risiti, mkataze kufanya kazi kwingine, mfokee akichelewa. Siku akiulizia likizo, shangaa: "Kwani wewe nani alikuajiri?"

Tatizo ni kwamba huku Bara kuna Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, na kifungu chake cha 61 hakijali umempa mtu jina gani. Kinauliza nani anapanga saa zake, nani anamwelekeza kazi, vifaa ni vya nani, kama anategemea mfuko wako kuishi, kama katika miezi mitatu iliyopita amekufanyia kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi. Likipatikana jambo moja tu kati ya hayo na mengine machache, anahesabiwa kuwa mwajiriwa hadi ithibitike vinginevyo. Saa 45 kwa mwezi! Huyo kijana wako wiki ya kwanza anazimaliza kabla Ijumaa haijafika.

Basi tuje kwenye shoti, yaani upungufu wa hesabu, maana hapa ndipo penye ulaji. Mteja akijaza tangi akakimbia bila kulipa, kata. Noti ya bandia ikionekana, kata. Petroli ni mafuta mepesi na joto la Dar unalijua, kwa hiyo mengine yatapungua kwa kupaa hewani tu. Bila shaka aliyeyapaisha ni mhudumu wa zamu ya usiku. Usimwonyeshe vipimo vya tangi. Mwambie "hesabu hazijakaa vizuri", kisha ligawe deni kwa wote sawasawa, akiwemo yule aliyekuwa msibani Tanga. Huo ndio mshikamano.

Usisome kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka huohuo, kitakuharibia usingizi. Kinataka mfanyakazi akubali makato ya deni kwa maandishi. Tena hasara iwe imetokea akiwa kazini na kwa kosa lake yeye, si la mawingu. Umwandikie chanzo cha deni, kiasi, na namna ulivyolikokotoa. Umpe nafasi ya kupinga. Usidai zaidi ya hasara yenyewe. Ukishapita milango yote hiyo, makato ya namna hiyo hayaruhusiwi kuzidi robo ya mshahara wake wa fedha. Wa laki tatu unamkata elfu sabini na tano, basi. Wewe ulizoea kumpa nauli na kumwambia ashukuru.

Kumsainisha laki tatu na kumkabidhi laki mbili nako kumekatazwa. Walifikiria kila kitu, watunga sheria hawa.

NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, nayo ina mtego wake. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na wewe huwezi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu yake. Ukimkata, umekiri mwenyewe kwamba ni mwajiriwa wako, na jina la kibarua limekwenda na maji. Usipomkata, deni la mfuko linakusubiri. Wajanja hukata na wasipeleke. Hao wanastahili mwongozo wao, pengine utakaoandikwa gerezani.

Utasema dawa ni kutoandika kitu: hakuna mkataba, hakuna hati ya mshahara, kila jambo kwa mdomo. Ni mbinu kongwe, na ingefaa sana kama kifungu cha 15 cha Sheria ileile ya Ajira kisingegeuza kibao. Shauri likifika mezani nawe huna maandishi ya masharti ya kazi, mzigo wa kuthibitisha unakuwa wako. Kijana akisema mlikubaliana laki nne, ni wewe utakayetafuta karatasi ambayo kwa ujanja wako hukuiandika.

Silaha iliyobaki ni kalenda. Mgogoro wa makato hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Wa kufukuzwa kazi, siku 30. Kijana akichelewa itambidi aeleze sababu. Kwa hiyo usimkatalie kamwe. Mwite "mdogo wangu", mwagizie soda, mwambie mwisho wa mwezi mtakaa mliangalie suala lake. Mwezi unaofuata mwambie bosi mkubwa amesafiri. Omba tu asijue kwamba Fomu Namba 1 ya Tume anaweza kuijaza huku soda yako ikiwa bado ya baridi.