Kabla Hujasema "Ndege Tu"

Anza na jalala. Ukiwa Magomeni, Kisauni au Darajani, huhitaji darubini wala kofia ya mtalii. Ndege wa kwanza atakujia mwenyewe na kuondoka na andazi lako. Kabla hajafika mbali, mtazame shingo. Ikiwa ya kijivu, huyo ni kunguru wa India, aliyeletwa Unguja miaka ya 1890 ale taka. Ikiwa nyeupe, na weupe umeshuka hadi kifuani kama fulana chini ya koti jeusi, huyo ni kunguru wetu wa asili, mkubwa kidogo na mwenye mdomo mzito. Tofauti hii ina uzito. Yule wa kijivu hula mayai na makinda ya ndege wadogo, hata mwaka 2024 Kenya ikatangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru hao milioni moja. Anayerusha jiwe bila kuangalia shingo humpiga mwenyeji kwa kosa la mgeni.

Sasa futa kanuni moja mbaya kichwani: kwamba kila cheupe chenye miguu mirefu ni yangeyange. Yangeyange ana mdomo mfupi wa manjano, na kazi yake ni kumfuata ng'ombe, maana kila kwato inapokanyaga, panzi hutoka. Huyo mweupe anayekimbizana na visamaki kwenye miamba, miguu myeusi lakini nyayo za manjano kama amekanyaga bizari, ni mwingine kabisa. Tena usishangae ukimwona pacha wake wa kijivu iliyoiva, mwenye nyayo zilezile. Ni ndege wa aina moja, wengine huvaa kanzu nyeupe, wengine ya kijivu. Rangi ni shahidi anayebadilisha maneno, nyayo hazibadilishi.

Kwa ndege wa ufukweni, weka saa pembeni umuulize mvuvi habari ya maji. Wakati wa bamvua bahari yetu hupanda na kushuka karibu mita 4, na maji yakipwa ndege hutawanyika mbali kwenye tope hadi wakawa nukta. Nenda maji yanapoanza kujaa. Kaa chini, nyamaza, bahari yenyewe itakuletea ndege hatua kwa hatua, kama mtu anayesogeza mkeka.

Hapo ndipo nilipofundishwa na mjomba wangu, aliyeishi kwa mshipi na dema. Nilimwuliza, "Mjomba, yule ndege gani?"

"Sululu."

"Umemjuaje kwa mbali hivi?"

"Mtazame mdomo, mwanangu. Sululu ya kuchimbia huijui?"

Mdomo ule mrefu uliopinda kuelekea chini haukuhitaji maelezo zaidi. Siku zile nilidhani utambuzi wa ndege umo kwenye vitabu vya wageni, kumbe sehemu yake kubwa imelala ndani ya majina yetu. Sikiliza chekeamwezi: yule mdogo wa kahawia anayetembea ukingoni mwa maji huku nyuma yake ikipanda na kushuka bila kupumzika, kama anakubaliana na kila hoja. Kitwitwi nalo ni jina tamu, lakini tunalitupia kila kidogo kinachokimbia mchangani, na humo wamejificha ndege wengi. Kabla ya kusema kitwitwi, angalia kwanza urefu wa mdomo na rangi ya miguu.

Ukifika Mida, karibu na Watamu, mtafute mla kaa: mweupe, mgongo mweusi, mdomo mnene mweusi kama koleo. Huzaliana kwenye fukwe na visiwa vya Oman, Ghuba na Bahari ya Shamu, akichimba shimo mchangani na kutaga humo yai moja jeupe, joto la mchanga likimsaidia kuliatamia. Kisha wengi hushuka kwetu, njia ileile ya majahazi, ila yeye hangoji kaskazi ivume. Kufikia Agosti, wale wa kwanza wameshatia nanga. Mimi nikimwona husimama tu. Sijapata kuzoea.

Nyumbani tumia masikio. Sauti ya maji yanayomiminwa kutoka chupa yenye shingo nyembamba, kichakani, asubuhi au mawingu yakitanda, ni ya dudumizi. Usipoteze muda kumsaka. Hukaa ndani ya majani, na mara nyingi utaambulia mkia mweusi na mabawa ya rangi ya kutu. Wazee humsikiliza kwa habari ya mvua. Ukiwa na mzee wa namna hiyo nyumbani, mpigie shikamoo, kaa naye barazani, andika kila jina analolitaja na kwa nini linaitwa hivyo. Fanya hivyo wiki hii.

Ukishayapata hayo, uko tayari kwa mdiria, yule wa buluu anayetua kwenye nyaya na matawi makavu. Hapa tazama mdomo pekee. Ukiwa mwekundu wote, juu na chini, ni mdiria wa mikoko, ingawa humkuta hata bustanini, mbali na mkoko wowote. Ukiwa mwekundu juu na mweusi chini, ni yule wa misituni. Akiwa amekupa mgongo, usimpigie makofi. Subiri, atageuka.