Sifa za Jaribio Lisilosubiri

Katika majaribio yote ya msimbo, jaribio lisilosubiri ahadi ndilo lenye adabu kupita yote. Halichelewi, halilalamiki, na taa yake ni ya kijani masika na kiangazi.

Nasaba ya ahadi yenyewe ni ya heshima. Mwaka 1976 Daniel Friedman na David Wise walieleza ahadi kuwa kitu kinachoshika nafasi ya jibu ambalo bado halijapatikana. Mwaka 1988 Barbara Liskov na Liuba Shrira wakaikuza zaidi, na mwaka 2015 ikaingia rasmi katika lugha ya JavaScript. Ahadi huwa inangoja, au imetimizwa, au imekataliwa. Kwa wakulima wa korosho wa Kitangari hakuna jipya hapo. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoingia mkoani kwao Mtwara msimu wa 2007/08, mkulima hufikisha korosho zake chama cha msingi, zikapimwa, akapewa karatasi, akarudi nyumbani. Fedha hufuata mnada ukishafanyika na mnunuzi akishalipa. Asiyejua tofauti ya karatasi na fedha hajawahi kuuza korosho.

Jaribio lisilosubiri haliijui tofauti hiyo, na hapo ndipo utukufu wake ulipo. Ichukuliwe programu ya kukokotoa malipo ya mkulima: kilo mara bei ya mnada, kutoa makato. Bei hutoka kwenye seva, kwa hiyo fanksheni hairudishi fedha, hurudisha ahadi. Jaribio huiita fanksheni, huweka dai lake, yaani jibu linalotarajiwa, ndani ya “then”, sehemu inayoendeshwa ahadi ikishatimizwa, hufika mwisho wa mistari yake na kuondoka. Chombo cha kuendesha majaribio, kiwe Jest au Mocha, hakijaona kosa wala hakijakabidhiwa ahadi ya kungojea, basi huandika: limefaulu. Baadaye kidogo bei hufika, kilo 100 zikatoka shilingi sifuri, dai likavunjika, na msikilizaji hayupo.

Fadhila zake ni nyingi. Lina kasi: Mocha kwa kawaida huvumilia sekunde 2 na Jest sekunde 5 kabla ya kukata tamaa, ilhali jaribio hili huwa limeshamaliza kabla seva haijakohoa. Lina usawa: msimbo sahihi na msimbo mbovu hupewa alama ileile, bila upendeleo. Lina ukarimu pia, na huu ndio unaostahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu dai lililovunjika kwa kuchelewa huweza kulipuka wakati jaribio jingine linaendelea. Lawama humwangukia jirani asiye na hatia, na fundi huweza kumaliza alasiri nzima akichunguza msimbo usio na kasoro. Ni wachache wanaogawa makosa yao kwa moyo mkunjufu kiasi hicho.

Maadui hawakukosekana. Mwaka 2014 Mocha ilijifunza kuingoja ahadi inayorudishwa na jaribio, hivyo neno moja tu, “return”, lilitosha kuharibu starehe. Mwaka 2017 “await” ikaingia katika lugha yenyewe na kurahisisha uharibifu huo. Node.js, inayoendesha JavaScript nje ya kivinjari, katika toleo la 15 la Oktoba 2020 ikaamua kwamba ahadi iliyokataliwa pasipo wa kuipokea iangushe programu nzima. Zipo hata kanuni za ukaguzi wa msimbo zinazoonyesha kwa kidole kila ahadi iliyoachwa ikielea. Jitihada zote hizo dhidi ya kiumbe asiyemkera mtu!

Ukoo haujafutika, hata hivyo. Tawi lake lililo hodari zaidi limekubali kusubiri na bado linafaulu bure. Hilo hupima kwamba ombi la kilo hasi litakataliwa, na dai lake hulificha ndani ya “catch”. Fanksheni ikilikataa ombi, dai hupimwa kama ilivyokusudiwa. Fanksheni ikilipokea kilo hasi na kumlipa mtu, “catch” haiguswi, hakuna dai lililopimwa, na kijani huwaka. Kinga dhidi ya tawi hili ni mbili: kuitaka Jest kwa “rejects” ihakikishe ahadi imekataliwa kweli, au kuitajia mapema idadi ya madai kwa “expect.assertions”, ili jaribio lililomaliza bila kudai chochote lihesabiwe kuwa limeanguka.